Kinachokatwa si ukucha

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nina paka jike wa miaka miwili, anaishi ndani tu, hatoki. Tumenunua kochi jipya na mkono wake mmoja umeshachanika. Mwezi ujao mama mkwe anahamia kwetu. Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, akikwaruzwa kidogo tu damu humtoka muda mrefu. Mume wangu amesema ama paka aondolewe kucha, ama aondoke yeye paka. Nimesikia kuna upasuaji wa kuziondoa kabisa zisiote tena. Wengine wanauita ukatili, wengine wanasema ni kukata kucha tu, maana paka hulazwa usingizi na hasikii kitu. Je, ni dhambi? Na kama vinginevyo atafukuzwa, si afadhali abaki bila kucha?"

Marahaba, mwanangu. Suala la dhambi muulize shehe au padri wako, mimi nitajibu kama daktari wa wanyama. Jibu langu ni usimfanyie, na kama yupo daktari aliye tayari kumfanyia, mwombe kwanza akuchoree kwenye karatasi anachokwenda kukata. Nadhani mchoro huo peke yake ungetosha kukurudisha nyumbani na paka wako.

Tatizo linaanza na jina. Tunasema "kuondoa kucha", na mtu anapata picha ya kikata kucha chake cha bafuni. Weka kiganja chako mezani ukitazame. Ukucha wako umelala juu ya ngozi, na hata ukikung'oka kwa ajali mfupa unabaki mzima na ukucha mwingine unaota. Paka hakuumbwa hivyo. Ukucha wake unaota kutoka kwenye tishu iliyoshikamana na pingili ya mwisho ya kidole, mfupa na ukucha vimekuwa kitu kimoja. Ukiacha chembe ya tishu ile ukucha utarudi, tena mara nyingi umepinda, umejikunja ndani ya nyama. Kwa hiyo anayetaka usirudi hana budi kuondoa pingili yenyewe. Kwenye mkono wako, kisu kingepita kwenye kile kiungo cha kwanza chini ya ukucha, na ncha yote ya kidole ingebaki kwenye sinia. Paka ana vidole vitano kila mguu wa mbele na vinne kila mguu wa nyuma. Wengi hufanyiwa ya mbele tu, na hapo tayari ni vidole kumi vilivyokatwa katika asubuhi moja.

Kuna njia tatu za kukata. Ya zamani hutumia kifaa kinachofanana na mkasi wa kukatia kucha za mbwa, kinabana na kukata mfupa kwa mkupuo. Ya pili hutumia kisu cha upasuaji kutenganisha kiungo. Ya tatu ni leza, na hii ndiyo inayotangazwa kwa sauti ya upole, eti damu kidogo, maumivu kidogo. Damu ni kweli hupungua. Lakini leza haibadilishi kinachoondolewa, na siku ya kumi paka aliyekatwa kwa leza na aliyekatwa kwa kisu wote wawili hawana ncha za vidole. Ipo pia njia ya kukata kano inayouchomoza ukucha, kucha zinabaki ila paka hawezi kuzitoa. Watu huiona kuwa ya huruma zaidi. Kwa kuwa paka hawezi tena kuzinoa, kucha zake hunenepa na kurefuka, na mwenye paka asipozikata mara kwa mara maisha yote ya mnyama, hujikunja na kuchoma nyama laini ya unyayo. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani nacho hakiipendekezi.

Hilo la kutosikia kitu. Chini ya nusukaputi, kweli, hasikii. Nusukaputi ikiisha ndipo mambo yanapoanza. Nilipokuwa mwanafunzi niliwekwa zamu ya usiku kumwangalia paka mmoja aliyefanyiwa upasuaji huu mchana. Alikuwa wa kijivu, mtulivu, miguu ya mbele imefungwa bendeji hadi karibu na kiwiko. Dawa ya maumivu alipewa, tena ya kutosha kwa mujibu wa kitabu. Alipozinduka alisimama, akakanyaga, akaunyanyua mguu wa kulia na kuutikisa kama paka aliyekanyaga maji. Akauteremsha, akanyanyua wa kushoto, akautikisa. Akarudia hivyo mpaka akachoka, akarudi nyuma taratibu na kukaa kwenye kona ya kizimba, miguu yote miwili ameikunja chini ya kifua. Hakulia hata mara moja. Asubuhi aliyenipokea zamu aliuliza, "Amelalaje?" Nikamjibu, "Vizuri, hakusumbua." Jibu lile linanisuta mpaka leo, kwa sababu kutosumbua ndiyo njia ya paka ya kuumwa. Mbwa akiumwa atakuja kukuonyesha. Paka hujificha, hupunguza kuruka, hupunguza kucheza, na mwenye nyumba husema siku hizi ametulia.

Kumbuka pia kwamba paka hutembea kwa vidole. Kisigino chake kiko juu hewani, uzito wote umebebwa na sehemu ya mbele ya mguu. Ukiondoa ncha za vidole, mnyama hujifunza kukanyaga upya, na kano zinazokunja vidole, ambazo hazina tena mahali pa kujishikiza, zinaweza kuvutika nyuma. Baadhi huishia kuegemea miguu ya nyuma, na mgongo ndio unaolipa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la tiba ya paka, uliolinganisha paka 137 waliokatwa na 137 wasiokatwa, ulikuta uwezekano wa maumivu ya mgongo ukiwa karibu mara 3 kwa waliokatwa, wa kung'ata zaidi ya mara 4, na wa kujisaidia nje ya beseni lao la mchanga mara 7 hivi. Picha za eksirei zilionyesha kwamba 63% ya waliokatwa walikuwa bado na vipande vya mfupa vilivyosahaulika vidoleni, na hao ndio walioathirika zaidi. Lakini hata waliokatwa kwa ustadi, bila kipande kubaki, walizidi wenzao katika kung'ata na kuchafua nyumba.

Sitaki nikufiche upande wa pili. Zipo tafiti za zamani ambazo hazikuona tofauti kubwa ya tabia, na wapo paka waliokatwa wanaoishi miaka kumi na mitano wakiruka madirishani kama kawaida. Kama una rafiki mwenye paka wa hivyo, hakudanganyi. Tena sina hasira naye. Watu wengi waliofanya hivi waliambiwa na daktari wenyewe, watu wa fani yangu, kwamba ni jambo dogo, likawekwa hata kwenye kifurushi kimoja na kuhasi. Ninachosema ni kwamba huwezi kujua kabla kama paka wako atakuwa yule wa bahati, na kidole kikishatoka hakirudishwi.

Nadhani beseni la mchanga, anamojisaidia paka, hukuliwaza, maana kwenye barua yako hukulitaja kabisa. Lifikirie sasa. Paka huchimba kabla ya kujisaidia na hufukia baada yake, kwa miguu ile ile ya mbele. Kidole chenye kidonda kibichi kikiingia kwenye punje za mchanga, paka hahusishi maumivu na upasuaji, anayahusisha na beseni. Anahamia mahali laini, na mahali laini nyumbani kwako ni kitanda, zulia, na hilo kochi mnalotaka kuliokoa.

Tuje kwenye maadili, maana ndiyo uliyouliza. Mwenzangu mmoja hupenda kunichokoza: "Mbona unahasi paka kila wiki bila kumwomba ruhusa?" Ni hoja nzuri, haifai kupuuzwa. Paka hawezi kutoa ridhaa, kwa hiyo kila tunachomfanyia tunaamua kwa niaba yake, na anayeamua kwa niaba ya mwingine lazima ajibu faida inakwenda kwa nani. Jike aliyehasiwa hapati uvimbe wa kizazi wenye usaha, akihasiwa mapema hatari ya saratani ya matiti hushuka sana, na hazai vitoto vitakavyokufa njaa mitaani. Mmiliki anafaidika, ndiyo, lakini mgonjwa naye ana fungu lake. Katika kuondoa kucha nimetafuta fungu la mgonjwa sijaliona. Faida yote ni ya kitambaa. Ipo hali moja tu ambapo mimi mwenyewe ningeshika kisu: ukucha wenye uvimbe wa saratani, au maambukizi yaliyokula mpaka mfupani yakakataa dawa. Hapo ninakata kidole kinachomuumiza mnyama ili aache kuumia, tena hicho kimoja chenye ugonjwa.

Nikuongezee kisa kidogo kinachonivutia. Marekani, mahali ambapo upasuaji huu umekuwa wa kawaida kuliko pengine popote, daktari mmoja aitwaye Jennifer Conrad alikuwa akiwatibu simba na chui milia wa kufugwa waliokuwa wameondolewa kucha ili wawe salama kwenye maonyesho na filamu. Wanyama wa uzito ule walikuwa wakichechemea, wengine wakitembelea vifundo. Akaanza kuwafanyia upasuaji wa kuunganisha upya kano zao. Kutoka hapo akaanza kuuliza kwa nini tunashtuka kwa simba na hatushtuki kwa paka wa sebuleni, na ndiye aliyeshinikiza mji mdogo wa West Hollywood ukapiga marufuku mwaka 2003, wa kwanza nchini humo. Mwaka 2006 wizara ya kilimo ya Marekani ikawazuia wenye leseni za kufuga wanyama wakali kuwaondoa kucha. Paka wa nyumbani alisubiri zaidi. New York ilikuwa jimbo la kwanza kupiga marufuku, mwaka 2019, ikafuatwa na Maryland mwaka 2022. Israeli ilikuwa imeshafanya hivyo mwaka 2011. Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inalihesabu kuwa kukata viungo vya mnyama bila sababu ya tiba, na mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 1987 kuhusu wanyama wa nyumbani unalitaja kwa jina pamoja na kukata mikia na masikio. Sheria haifanyi jambo kuwa baya au jema, najua. Lakini nchi ambazo hazikubaliani kwa mengi zikifika mahali pamoja, mtu asimame atazame.

Sasa swali lako zito kuliko yote: si afadhali abaki bila kucha kuliko kufukuzwa? Hoja hii ndiyo iliyonishinda kwa miaka mingi, kwa sababu inavaa nguo za huruma. Mtu akiniambia kati ya vidole vya paka na uhai wake nichague kimoja, nitachagua uhai kama yeyote. Ila nimekuja kugundua kwamba ni mara chache sana mambo yamefika huko. Mara nyingi mtu amejaribu kumfokea paka na kumpiga maji ya chupa, basi. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilipozuia upasuaji huu mwaka 2018, wengi walitabiri vituo vya wanyama vingefurika paka waliotupwa kwa kuharibu samani. Watafiti walipopitia kumbukumbu za vituo vya jimbo hilo za kabla na baada ya marufuku, mafuriko hayakuonekana. Watu walinuna, wakazoea. Na paka aliyekatwa haponi kwenye kufukuzwa. Akianza kukojoa kitandani au kung'ata, atatolewa nje vile vile, safari hii hana hata cha kupandia mti mbwa akimkimbiza.

Kuhusu mama mkwe, hapa nakuomba usome polepole, maana hofu yako ina msingi. Mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anapaswa kukwepa mikwaruzo, na mwenye kinga ya mwili iliyoshuka anapaswa kuikwepa zaidi, kwani kuna bakteria aitwaye Bartonella anayeingia kwa mkwaruzo. Lakini bakteria huyo huletwa na viroboto. Kinyesi cha kiroboto ndicho kinachojaa chini ya kucha, kwa hiyo paka asiye na viroboto ni hatari ndogo sana. Hata mwongozo wa afya wa Marekani kwa watu wanaoishi na VVU haupendekezi kwa ujumla kuondoa kucha. Unasema wakwepe michezo ya kuparuana na wadhibiti viroboto. Halafu kuna meno. Paka aliyenyang'anywa silaha ya onyo hubaki na silaha ya mwisho. Mkwaruzo hupita juu ya ngozi, jino la paka huingia kama sindano na kupanda bakteria ndani ambako maji na sabuni havifiki. Kwa mama mwenye damu nyepesi, ningechagua paka mwenye kucha butu kuliko paka asiye na kucha anayeng'ata. Mweleze na daktari wake kwamba nyumbani kuna paka, na akikwaruzwa aoshe kwa maji na sabuni mara moja, aminye kwa kitambaa safi, asisubiri.

Kucha butu zinapatikana kwa kukata ncha kila wiki mbili au tatu. Subiri paka amelewa usingizi wa baada ya kula. Shika kidole kimoja, bonyeza taratibu juu na chini, ukucha utachomoza wenyewe. Utaona sehemu ya waridi ndani yake, hiyo ina damu na fahamu, usiiguse. Kata ile ndoano nyeupe ya mbele tu, milimita chache. Siku ya kwanza kata kucha mbili, mpe kitu anachokipenda, mwachie aende zake. Anayetaka kumaliza zote kumi na nane kwa kikao kimoja ndiye anayekuja kwangu na mikono iliyoparuliwa. Vipo pia vifuniko vya plastiki laini vinavyogandishwa juu ya kucha, hukaa wiki nne hadi sita. Paka wengine huvikubali, wengine huvitafuna usiku kucha. Kwa miezi ya mwanzo ya mama mkwe, vijaribu.

Na kochi? Paka wako hana ugomvi na kochi. Anapoparua anavua ganda la nje la ukucha lililochakaa, ndiyo hivyo vijimwezi unavyovikuta sakafuni. Ananyoosha mgongo mzima, na anaacha harufu kutoka kwenye tezi zilizo katikati ya vidole, ujumbe kwamba hapa pana mwenyewe. Ndiyo maana huchagua mahali pa wazi, karibu na mnapokaa, na ndiyo maana kukiwa na kitu kipya chenye harufu ya dukani huanza nacho. Mpe nguzo. Wengi huniambia "nilinunua, hakuitaka", nikiuliza naambiwa ni kijiti cha urefu wa goti kinachoyumba, kimewekwa nyuma ya mlango wa stoo. Nguzo iwe na urefu wa sentimita 90 hivi au zaidi, paka ajinyooshe wima bila kufika juu, iwe nzito isitikisike hata akiirukia, na ivingirishwe kamba ya katani. Isimamishe kugusa ule mkono wa kochi uliochanika, hapo hapo, hata kama inakera macho. Funika mkono wa kochi kwa karatasi ya alumini au plastiki nyororo isiyoshikika kwa kucha. Akiparua nguzo mpe kipande cha nyama papo hapo, si baada ya dakika tano. Akishaizoea kwa wiki kadhaa, uisogeze kiasi cha kiganja kwa siku mpaka ifike unapotaka. Usimshike miguu ukaiparuza kwenye nguzo kumfundisha, utamfundisha kuichukia.

Usimpige maji pia. Anajifunza tu kuparua ukiwa haupo.

Mume wako mwambie unaomba wiki nane, na uhesabu kuanzia siku nguzo iliposimama. Mwonyeshe kidole chako na mstari wa kile kiungo. Nimeona wanaume waliokuja wameshaamua wakitazama vidole vyao wenyewe na kunyamaza. Kama wiki nane zikiisha na bado hataki, mtafutie paka makao kwa mtu unayemjua, ukiwa umemweleza ukweli wote kuhusu kochi. Paka wa miaka miwili, amezoea ndani, ana vidole vyake vyote, si vigumu kumpatia nyumba.

Na kile kipande cha kitambaa kilichochanika, usikitupe bado. Kikate, ukifunge juu ya nguzo kwa siku za mwanzo. Kina harufu yake.